Sifa za Filta Kuukuu

Wanaosifiwa kwenye gari ni injini, rimu na muziki. Filta ya AC hakuna anayeitaja: kipande cha karatasi ya kukunjwakunjwa, kimejificha nyuma ya kidroo cha dashibodi, mbele ya magoti ya abiria. Leo naiondolea dhuluma hiyo. Tena siisifu mpya, maana mpya bado haijafanya lolote. Naisifu kuukuu, nyeusi tii, iliyoshiba vumbi.

Ni pole, haiwashi taa yoyote ya hatari. Ni karimu, kwani harufu ya samaki uliowabeba kutoka Feri Jumamosi utaifaidi hadi Alhamisi. Na mvua ikinyesha husaidia vioo kujaa ukungu, usije ukayaona madimbwi yaliyo mbele ukahuzunika bure.

Lakini hasa ni mtunza kumbukumbu. Magari yetu mengi hutoka Japani yakiwa yameshatumika, na historia yake hatuijui. Kuna kibandiko cha oili mlangoni tusichoweza kukisoma, na yule dada wa Kijapani anayetusemesha kila tukiwasha gari, wala hatumwelewi. Kilometa nazo hurudishwa nyuma na wajanja. Filta hairudishwi nyuma. Nilipoichomoa ya kwangu, kila mkunjo ulikuwa na habari zake: masizi ya malori, bawa la kumbikumbi wa masika, vumbi jekundu la barabara ya mtaani kwetu ambayo huchimbwa, ikafukiwa, ikachimbwa tena. Chini kabisa, jani kavu lenye umbo la upepeo. Ginko! Mti uliopandwa kandokando ya barabara za Tokyo, na ndio mti rasmi wa jiji hilo. Huko hupukutika kuanzia Novemba, kwa hiyo hata majira ya tukio nimeshayajua. Ofisi gani ya masijala ingenitolea taarifa kama hiyo bila kuniambia nirudi kesho?

Shida ni kwamba shahidi huyu hanyamazishwi. Risiti za gereji zinasema filta ya AC imebadilishwa, sevisi baada ya sevisi, na kila mara nimelipia. Sasa jani la Tokyo lilirudi vipi? Lilivuka Bahari ya Hindi peke yake, likalipa ushuru bandarini, likaingia kwenye filta mpya na kujilaza palepale?

Nilipolalamika kwamba upepo hautoki, jibu lilikuwa, “Bosi, gesi imeisha.” Ikajazwa. Upepo ukabaki vilevile. “Basi bosi, kompresa inataka kufa.” Kompresa! Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta panapovuja anakuuzia hewa. Na upepo ukitoka kidogo lakini wa baridi, filta ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Fundi analijua hilo vizuri kuliko mimi, na ndiyo sababu kidroo hakigusi. Mwenye haya kidogo huitoa, akaipiga upepo wa mashine, akairudisha, kisha akaandika “mpya”.

Kwenye Toyota nyingi ndogo zilizojaa mitaani, kazi yenyewe haitaki hata spana. Toa makorokoro yaliyomo kidrooni, zibane kuta zake mbili kwa ndani, kitashuka. Utaona kifuniko chembamba cha plastiki. Fungua vibano vyake, vuta. Nenda na ya zamani Kariakoo wakupimie inayolingana, utaipata kwa bei isiyofika ya kuku wa kienyeji. Ubavuni ina mshale wa mwelekeo wa upepo: ufuate. Na kazi yoyote nyingine utakayomwachia fundi, mwambie kabla hajagusa boliti: spea utakayoitoa, naondoka nayo.