Pesa Ipo, Imeshikwa

Shangazi yangu wa Rufiji anasuka makawa. Kwa ninyi mliozaliwa mkakuta wali unafunikwa kwa sahani ya plastiki, kawa ni kile kifuniko cha ukili kinachokaa juu ya sinia ili nzi wabaki na hamu zao. Shangazi huchemsha ukindu kwenye rangi, anausuka ukili mrefu usioisha, kisha anauzungusha na kuushona kwa shazia kuanzia kileleni hadi ukingoni. Kazi ya wiki nzima, na sokoni analiuza kwa bei ambayo nikiitaja hapa mtadhani kawa limeibwa.

Mimi, mtoto wa kaka yake, msomi mwenye simu kubwa na bando la mwezi, nikamwambia: Shangazi, nipe moja nikakuuzie mtandaoni, Wazungu wanavipenda vitu hivi. Akanipa. Nikalipiga picha nne juani na kulitundika kwenye soko moja la mtandaoni ambalo sitalitaja, maana bado nauza kwao na sitaki kuwaudhi. Bei dola 40, usafirishaji dola 15. Siku ya tatu mama mmoja wa Ujerumani akalipa. Simu ikaandika kwa rangi ya kijani: hongera, umeuza! Nikampigia shangazi hapo hapo, na hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Kosa la pili lilikuwa zile dola 15. Mtaniuliza nilizitoa wapi. Nilikwenda na kawa kwa muuza nyama wetu, akapangusa mizani, akalipima: nusu kilo na kidogo. Nikaongeza uzito wa boksi, nikapata kilo moja na robo, nikakadiria nauli ya kilo moja na robo, mambo yakaisha. Kumbe mizani ya nyama hupima nyama.

Kwenye ofisi ya vifurushi dada wa dirishani hakuligusa boksi langu kwa mizani. Alivuta futi kama ya fundi cherehani.

“Dada, mizani hiyo hapo pembeni,” nikamsaidia.

“Naiona, baba.” Akapima. Urefu 45, upana 45, kimo 30. Akabonyeza kikokotoo. “Kilo kumi na mbili na nusu.”

Nikageuka nyuma kuangalia kama anaongea na mtu mwingine.

“Huu ni uzito wa ujazo,” akasema kwa upole wa mtu anayetoa maelezo haya mara arobaini kwa siku. “Tunazidisha urefu kwa upana kwa kimo, tunagawa kwa 5,000. Halafu tunalinganisha na mizani, tunatoza ule mkubwa. Wako umekuja 12.15, na sisi tunapandisha kufika nusu kilo inayofuata.”

“Lakini ndani kuna kawa moja tu, dada. Kwingine kote ni hewa.”

“Ndiyo, baba. Na hewa nayo inakaa kwenye ndege.”

Nilitaka kugomba, lakini nikakumbuka daladala. Mama akipanda na godoro, konda hamuulizi lina kilo ngapi. Anamwambia alipie siti mbili, na abiria wote tunaona ni haki, hasa yule aliyefinywa dirishani. Ndege ya mizigo nayo hujaa kabla haijaelemewa, kwa hiyo anayetuma boksi pana lenye kitu chepesi amekalia siti za watu. Nimeelewa. Ila kuelewa hakukupunguza bei, na bei aliyonitajia ingenunua makawa saba pamoja na shangazi mwenyewe kuja kuyapokea.

Hapo ndipo nilipowakumbuka makonda wa mabasi ya mikoani. Ukimpelekea mzigo wa kwenda Mbeya, anautazama mzigo, anakutazama wewe, anatazama viatu vyako, ndipo anataja elfu kumi. Unalia, anashuka hadi saba. Unampa namba ya shemeji yako, anampigia akifika stendi. Hakuna futi wala kikokotoo. Ile 5,000 ya kugawia haililiwi machozi.

Basi nikabeba boksi langu hadi dirisha jingine la mtaa wa pili, la wale wanaotoza uzito wa mizani ilimradi mzigo usizidi vipimo vyao. Hapo kilo moja na robo ikawa kilo moja na robo. Bei ilikaribia mara mbili ya zile dola 15 nilizomwandikia mteja, lakini baada ya kuambiwa nina kilo kumi na mbili za hewa, niliiona kama sadaka. Nililipa huku nikitabasamu. Ukitaka mtu afurahie hasara, mwonyeshe kwanza hasara kubwa zaidi.

Ikaja fomu ya forodha. Taja kilichomo, thamani yake, uzito wake. Karani, kijana mwenye kalamu sikioni, akaniuliza kawa kwa Kiingereza ni nini. Tukatazamana. Tukaita mtu wa dirisha la pili. Mmoja akasema kapu, mwingine akasema kofia, na mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni akasema jamani hilo ni kawa, andikeni kawa, Wajerumani watajifunza. Mwishowe tukaandika kifuniko cha chakula, kwa Kiingereza chetu. Likumbukeni hilo neno chakula.

Nikapewa namba ya kufuatilia: herufi mbili, tarakimu tisa, na mwisho TZ, ili popote duniani wajue mzigo umetoka kwetu. Nilipoiingiza kwenye tovuti ikakataa, namba si sahihi. Nikarudia, ikakataa. Nikaanza kuwatukana watu wa tovuti, hadi binti yangu wa darasa la sita akaniambia baba, hiyo ni saba, wewe umeandika moja. Nikaja kugundua kwamba katika zile tarakimu tisa, ya mwisho hukokotolewa kutoka kwenye nane za mwanzo, kazi yake ni kumkamata mtu kama mimi. Kwa kifupi, namba ya kifurushi inajua hesabu kuliko mimi.

Haya, mzigo umeondoka. Nikafungua akaunti yangu kuona pesa. Ilikuwepo! Dola 55, zimeandikwa vizuri, zimepewa na rangi. Ila rangi yenyewe ilikuwa ya kijivu. Chini yake kulikuwa na maneno kwamba wewe ni muuzaji mpya, malipo haya yatashikiliwa hadi mteja athibitishe kupokea, au siku 21. Pembeni kulikuwa na salio la pili, lile linaloweza kutolewa. Hilo lilikuwa sifuri, na lenyewe ndilo lilikuwa na rangi nyeusi iliyokoza.

Shangazi akapiga simu jioni hiyo hiyo.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Ile pesa ipo au haipo?”

“Ipo shangazi, ila imeshikwa.”

Kimya. Kisha kwa sauti ya chini: “Imeshikwa na polisi?”

Nilichukua dakika 10 kumweleza kwamba haijashikwa na polisi, imeshikwa na kompyuta. Kwamba soko linakaa katikati kama mshenga, mteja anamkabidhi mshenga pesa, na mshenga haiachii mpaka bibi harusi afike. Kwamba wanaogopa wauzaji wapya, maana wapo wanaopokea pesa na kutuma boksi lenye tofali. Kwamba huko kwao aliyelipa kwa kadi anaweza kwenda benki kulalamika hata baada ya miezi, wakati mwingine hadi siku 120, na benki ikaivuta pesa kutoka kwa soko. Kwa hiyo soko nalo linajihami. Shangazi alisikiliza yote, akasema nimekuelewa mwanangu, Mungu atakusaidia. Kesho yake mjomba akanipigia kuuliza dhamana ni shilingi ngapi.

Sisi wa hapa hatukuzoea hivyo. Kwetu mteja wa mikoani anatuma kwa simu, tena unamkumbusha kutuma na ya kutolea, ndipo unafunga mzigo. Au mteja wa mjini anasema atalipa akipokea, na hapo bodaboda anakwenda hadi Mbagala, mteja analishika gauni, analigeuza, anamwita dada yake naye aligeuze, anasema rangi siyo, na bodaboda anarudi na gauni anataka nauli ya kwenda na kurudi. Tusidhani ni tabia ya Mbagala. Uingereza, kabla ya mageuzi ya posta ya mwaka 1840, ada ya barua mara nyingi ililipwa na mpokeaji, kwa umbali na idadi ya karatasi, na wapo waliokuwa wakitia alama nje ya barua. Mpokeaji anaitazama, anaelewa kwamba mtu kafika salama, anairudisha bila kulipa. Ile stempu ya peni moja ya mwaka huo ilimfanya mtumaji alipe kwanza. Kwa hiyo miaka zaidi ya 180 imepita tangu dunia iwajue wageuza magauni.

Siku ya 11 namba yangu ikaonyesha mzigo umefika Ujerumani. Siku ya 12, upo forodha. Siku ya 13, forodha. Siku ya 16, forodha. Lile neno chakula, bila shaka. Niliwaona kwa macho yangu wamelizunguka kawa la shangazi wakiutafuta wali.

Siku ya 17 mteja akaniandikia, na hakuandika kwa furaha. Ameambiwa alipe kodi ndipo apewe mzigo wake. Kumbe tangu Julai 2021 Umoja wa Ulaya umefuta ule msamaha wa vifurushi vidogo vya chini ya euro 22. Sasa kila kitu kinachonunuliwa nje kinadaiwa kodi ya ongezeko la thamani, na Ujerumani ni asilimia 19. Tena haitozwi kwa kawa peke yake, inatozwa kwa kawa pamoja na nauli. Asilimia 19 ya dola 55 ni dola 10 na senti 45, na juu yake yupo msafirishaji wa huko anayetaka chake kwa kuwatangulizia forodha ile kodi. Nikaenda kuangalia kamisheni ya soko. Nao wanatoza asilimia 10 ya jumla yote, nauli ikiwemo. Ile nauli ambayo mimi mwenyewe niliilipa karibu mara mbili!

Tazameni nilipofika. Kabla ya siku 21, pesa yangu haiachiwi mpaka mama wa Ujerumani apokee. Mama wa Ujerumani hapokei mpaka alipe kodi. Halipi kodi kwa sababu amenikasirikia. Na mimi siwezi kumlipia, kwa sababu pesa yangu haijaachiwa. Nikamwandikia barua ya kumbembeleza ambayo mke wangu akiisoma ataniuliza mbona yeye sijawahi kumwandikia hivyo.

Alilipa. Siku ya 20 pesa ikabadilika rangi. Soko likakata chake, kampuni ya malipo ikakata chake kwa kubadilisha dola, benki yangu ikakata chake kwa kupokea. Nilipotoa na risiti ya usafirishaji, kilichobaki hakikufika bei ya kawa sokoni Rufiji. Nikaongezea kutoka mfukoni, nikamtumia shangazi, na ya kutolea. Akanipigia kunipongeza kwa kutoka salama.

Wiki iliyofuata yule mama akatuma picha. Amelining’iniza kawa darini, ametia balbu ndani, ukuta wote umejaa vivuli vya ukili. Limependeza, siwezi kukataa. Anataka mengine matano.

Nikampelekea shangazi picha na habari. Akaitazama taa sana, akacheka, kisha akaniuliza, “Na hayo matano utayatia boksi gani?”

“Maboksi matano, shangazi.”

“Kwa nini? Kawa si linaingia ndani ya kawa mwenzake? Ukipanga matano yanazidi moja kwa vidole vichache tu.”

Nilinyamaza. Nilifikiria zile kilo kumi na mbili za hewa, na dada wa dirishani, na kwamba siku zote shangazi huyapeleka makawa yake sokoni yamepandana kichwani, ishirini kwa mpigo.

“Haya shangazi, basi nisukie matano, nikiuza nitakutumia.”

“Hapana mwanangu. Safari hii tuma kwanza.”

“Nikituma leo, makawa utanipa lini?”

“Pesa ikifika nitaitazama,” akasema. “Kisha nitayashikilia siku ishirini na moja.”