Jinsi ya Kutembea na Kisu Kikubwa Bila Kuonekana Mhuni

Umekitamani, kinunue. Usijisumbue kutunga hadithi za kulala porini au kujiokoa kwenye mafuriko. Mtu wa mjini hukata utepe wa katoni, kamba ya mzigo na lebo ya shati jipya, na kazi zote hizo humalizwa na kijisu cha urefu wa kidole. Wewe unataka kisu kikubwa cha kukunja kwa sababu kinajaa kiganja, kikifunguka kinasema "ta!", na watu hugeuka kutazama. Sababu hiyo inatosha. Sasa ngoja nikupe njia za mkato, upate raha yake yote na usumbufu uwe mdogo.

Hatua ya kwanza: anza na mzee wao

Usipotee kwenye mamia ya aina. Chukua Buck 110, kisu kilichotoka California mwaka 1964 na kuwafundisha wawindaji wa Marekani kwamba kisu cha kukunja kinaweza kufanya kazi ya kisu cha ala. Bapa lake lina urefu wa karibu sentimita 9.5, mpini ni wa mbao na shaba ya njano, na kizima kina uzito wa gramu 200 hivi, sawa na simu nyingi za siku hizi. Visu vingi vikubwa vilivyofuata vina deni kwake.

Kama mfuko hauruhusu, ipo Okapi. Ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili iuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na siku hizi inatengenezwa Afrika Kusini. Ina mpini wa mbao wenye mapambo ya mwezi na nyota, na pete ya kuvuta unapotaka kuifunga. Ni nyepesi, ya bei nafuu, na inakata vizuri kuliko inavyoonekana. Ila ujue kwamba huko Afrika Kusini ina jina baya mitaani, na mlio wake wa "kra-kra-kra" inapofunguka hauwatulizi watu wa jirani. Kwa mtu anayetaka kupendwa na wenzake, mimi ningechagua Buck.

Hatua ya pili: kifiche

Gramu 200 zikining'inia kwenye suruali ya kitambaa zitaishusha upande mmoja, na utatembea ukijivuta kiuno kama mtoto aliyevaa nguo za kaka yake. Funga mkanda wa maana. Kisu chenye ala ya ngozi kivae nyuma kidogo ya nyonga, shati likifunika. Kama kina klipu, jambo ambalo kampuni ya Spyderco ya Colorado ililianzisha mwaka 1981, kibane pembeni kabisa mwa mfuko, kilalie mshono. Hapo hakizami katikati ya funguo na chenji, na mkono unakipata bila kuchokonoa.

Najua moyo unataka kionekane. Vumilia. Kisu ambacho kila mtu ofisini anajua unacho, lakini hakuna anayekiona, kina heshima kubwa kuliko kinachong'aa mfukoni kutwa nzima.

Hatua ya tatu: kifungue kama mtu mzima

Ule mtindo wa kukifyatua kwa kutikisa mkono uache nyumbani. Unachosha bawaba, unatisha watu, na siku moja kitakuponyoka. Tumia mikono miwili. Sema kwanza unachotaka kufanya: "Mama, lete hiyo kamba nikukatie." Kisha fungua polepole, macho yakiwa kwenye kamba, wala si kwenye nyuso za watu. Kata, futa, kunja, rudisha. Jambo zima lisizidi muda wa salamu. Watakaokuwa karibu watakumbuka kwamba ulisaidia, na kile kiburi chako kidogo kitashiba bila mtu kukigundua.

Hatua ya nne: beba cha pili

Hii ndiyo siri ninayotaka uishike kuliko zote. Weka kwenye mfuko wa pili kijisu kidogo cha bei ndogo, chenye bapa la sentimita tano au sita. Hicho ndicho kitafungua bahasha, kitakata uzi na kuchonga penseli ya mtoto. Kazi zako nyingi atazifanya huyu mdogo, na sifa atachukua mkubwa. Mkubwa atoke kwa tikiti maji, mkate mzima, kamba ya manila na embe. Hivyo makali yake yanakaa muda mrefu, na kila akitoka anaonekana ametokea kwa jambo la maana.

Mdogo ana faida nyingine: ndiye wa kuazimwa. Kisu kikubwa usikiazime hata kwa shemeji. Mtu akishika kisu kizito, mkono wake humwambia kwamba ameshika tindo. Atafungulia kopo la rangi, atabandulia msumari, na ncha itarudi ikiwa na pengo. Wewe jibu haraka, kwa tabasamu, "Lete nikukatie mwenyewe." Hakuna atakayekuona mchoyo, kwa sababu umejitolea kufanya kazi.

Hatua ya tano: jifunze kukata embe

Hapa ndipo kisu kikubwa kinapolipa gharama zake zote, kwa hiyo fanya mazoezi. Simamisha embe, kikonyo juu. Kokwa ni bapa, kwa hiyo tafuta upande mwembamba wa tunda, na uweke makali umbali wa unene wa kidole kutoka katikati. Shuka nayo moja kwa moja mpaka chini. Kijisu kifupi hapa hukwama na kuchana nyama. Bapa la sentimita 9.5 linapita mara moja, na shavu zima linakuangukia kiganjani likiwa laini kama limepigwa randa. Geuza, kata la pili. Chora mistari kwenye nyama bila kutoboa ganda, kisha ulibinue shavu ili vipande visimame.

Gawa kuanzia kwa aliye mkubwa kwa umri, wewe ubaki na kokwa. Aliyekula embe kutoka kwenye kisu chako hatakiita silaha tena.

Futa maji ya tunda papo hapo. Chuma cha Buck hakishiki kutu haraka, lakini chuma cha Okapi hugeuka kijivu kikiguswa na ndimu au embe, na ukikaa pwani hewa ya chumvi itamalizia kwa kutu. Kitambaa kikavu kinatosha, basi uwe nacho.

Hatua ya sita: noa bila jiwe

Mawe mazuri ya kunolea ni ghali, na kuyamudu kunataka subira ambayo huna. Pindua kikombe cha chai cha kauri. Chini yake pana mduara usiong'aa, unaokwaruza ukiupitishia kidole. Hilo ndilo jiwe lako la bure.

Tatizo la wengi ni mlalo wa kisu, na dawa yake ni maka peni. Paka wino kwenye ukingo wa makali, pande zote mbili. Pitisha kisu kwenye mduara wa kikombe mara mbili tatu, polepole, kisha kitazame kwenye mwanga. Wino ukiwa umefutika huku juu na kubaki kwenye makali yenyewe, umekilaza mno. Ukiwa umefutika pale mwisho kabisa tu, umekisimamisha mno. Ukiwa umefutika wote, mlalo ni huo huo, usiubadilishe. Malizia kwa upande wa ndani wa mkanda wa ngozi, ukikiburuta mgongo ukitangulia. Kikikata ukurasa wa gazeti bila kuurarua, acha. Kuendelea kunoa ni kukila tu.

Hatua ya saba: iheshimu kufuli

Katika Buck 110 kuna jino mgongoni mwa mpini, linalosukumwa na springi na kudumbukia kwenye mkato ulio kisiginoni mwa bapa. Likizama lote, kisu kimefunga. Nyuzi za mfukoni, mchanga na utomvu uliokauka vikijaa kwenye mkato huo, jino linakaa juu juu na kisu kinajifanya kimefunga. Vidole hukatwa hapo. Kila ukikifungua pitisha kidole gumba mgongoni mwa mpini. Pakiwa na nundu, usikate kitu. Chokoa uchafu kwa kijiti cha meno, sugua kwa mswaki wa zamani, kausha, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bawaba.

Zipo kufuli ngumu zaidi. Andrew Demko alibuni kwa ajili ya kampuni ya Cold Steel ile iitwayo Tri-Ad, yenye pini inayopokea msukumo kabla haujalifikia jino. Hata hiyo haikupi ruhusa ya kugeuza kisu kuwa mtaimbo.

Hatua ya nane: jua kinapokatazwa

Uingereza, kisu unachoruhusiwa kutembea nacho bila kuulizwa sababu ni cha kukunja, kisicho na kufuli, chenye makali yasiyozidi inchi tatu, yaani sentimita 7.62. Buck inaanguka mitihani yote miwili, kwa hiyo huko tembea na mdogo asiye na kufuli. Kenya, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa. Mazingira yana uzito, basi usikibebe baa, mkutanoni wala uwanja wa mpira. Kwenye lango la duka kubwa au benki mwambie mlinzi kabla hajakukagua, mkabidhi kikiwa kimekunjwa, na usimtanie.

Siku ya kusafiri kwa ndege, kitoe mkandani usiku, kitie ndani ya soksi na ukiweke kwenye sanduku unalokabidhi kaunta. Asubuhi, kabla ya kufunga mlango wa nyumba, jipapase tena, na yule mdogo pia umkumbuke.