Jogoo Amemeza Kamera

Ukitaka kufungua kamera ndogo ya dijitali, toa betri kwanza, halafu ngoja. Betri nilitoa. Kungoja ndiko kulikonishinda.

Siku hiyo stima ilikuwa imepotea Waithaka nzima, nami nikakaa mlangoni kufuata mwanga wa jua. Ndani ya kamera mna kapasita ya flashi, kidude cheusi kisichozidi kidole gumba, nacho huweka akiba ya volti kama 300 hata betri ikiwa mfukoni mwako. Nilikigusa kwa bisibisi na kidole kwa mpigo mmoja. Mama alisikia mayowe akatoka jikoni mbio. "Stima imerudi?" Kwangu tu, Mama.

Nilichokuwa nawinda ni kioo. Sensa ya kamera huona infraredi, miale iliyo ng'ambo ya wekundu wa mwisho tunaouona, ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 kwa msaada wa vipimajoto. Watengenezaji huiwekea sensa kioo cha kuizuia, ili picha zifanane na yale macho yetu huona. Ukikitoa, unaweka chujio linalopitisha infraredi na kufukuza mwanga wa kawaida. Wenye pesa huagiza la nanomita 720. Mimi nilikata ncha nyeusi ya negativu za harusi ya wazazi wangu, pale filamu ilipochomwa na jua ikipachikwa. Naapa sikumgusa bibi harusi.

Skrubu kumi na moja nilizipanga kwenye kifuniko cha sufuria. Jogoo wa jirani akapita, akaziona mtama. Zikabaki nane. Kamera nikaifunga kwa mpira wa kufungia pesa.

Picha ya kwanza ilikuwa ya sukuma wiki ya shosho. Majani mabichi hurudisha infraredi kwa wingi, jambo ambalo Robert W. Wood alilionyesha kwa picha zake mwaka 1910, basi shamba zima likatoka jeupe pe, chini ya anga nyeusi kama sufuria ya githeri. Nilijisikia msanii. Shosho alivaa miwani, akaitazama, akaivua.

"Ni nani amemwaga unga kwenye sukuma yangu? Na unga ulivyo ghali hivi!"

Mjomba naye alitaka picha ya kupeleka ukweni, ndani ya suti nyeusi aliyoilipia kidogo kidogo. Hapo ningekataa, lakini sifa ni ugonjwa. Rangi nyingi nyeusi za vitambaa vya viwandani haziinyonyi infraredi. Suti ikatoka kama iliyolala kwenye jiki usiku kucha, hadi nyuzi za mshono unazihesabu. Nyuma yake, Milima ya Ngong ikawa uji. Kumbe kile kioo nilichokitoa kilikuwa na unene wake, na lenzi ilipangwa kwa unene huo. Kipande chembamba cha negativu hakiwezi kushika nafasi yake, na vitu vya mbali vikakataa kutulia. Mjomba hakutaka kusikia habari za unene. Alitaka suti yake irudi nyeusi.

Sasa kamera yangu hupiga sukuma tu, tena kwa karibu. Jogoo yu mzima, anawika kila alfajiri, skrubu tatu zikiwa kwenye firigisi yake. Nilimwendea jirani kuzidai. Akaniambia skrubu ni bure, jogoo ni shilingi 1,500.