Namna ya Kwenda Nyumbani Desemba Bila Vidonge vya Malaria

Kabla ya yote, jikumbushe wewe ni nani. Wewe ni mtoto wa Muheza. Darasa la tatu uliugua malaria Jumatatu, Alhamisi ukawa golikipa. Wanaohangaika na vidonge ni Wazungu wanaokwenda mbugani na kofia zao za neti. Kwamba umeishi Reading, Uingereza, miaka 12 sasa na mbu huwaoni ila kwenye televisheni, lisikusumbue. Madaktari wanadai kinga ya mtu aliyekulia kwenye malaria ni kama king'amuzi: ililipiwa kwa kuumwa na mbu msimu hadi msimu, na malipo yakisimama inakatwa. Wajibu kuwa hawaijui Muheza. Usiwaambie tu kwamba taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ina kituo cha utafiti wa malaria palepale.

Uingereza huhesabu wagonjwa wake wa malaria kila mwaka, na jibu halibadiliki: wengi ni watu waliokwenda Afrika kusalimia ndugu, na wengi wao hawakumeza kinga. Sema hao ni watu wa Afrika Magharibi, uendelee kufunga mizigo.

Mizigo ndiyo kazi yenyewe. Masanduku mawili, kila moja kilo 23: viatu vya mjomba, manukato ya shangazi, simu tatu, jezi za Arsenal za watoto wa jirani ambao hata hukumbuki majina yao. Ukishamaliza hayo, ulizia bei ya vidonge vya familia nzima ushtuke. Kwa kawaida NHS hailipii dawa za kinga ya malaria, lakini ukiugua wewe mkazi utalazwa na kutibiwa bila bili. Kinga kwa pesa, wodi bure. Mtu mwenye akili ya biashara ataona faida iko wapi.

Mkeo akikuburuta hadi famasia, angalia bei tu. Doksisaiklini ni ya bei nafuu: kidonge kimoja kwa siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya safari hadi wiki nne baada ya kurudi. Kwa likizo ya wiki tatu, ukianza siku mbili kabla, ni vidonge 51. Kimeze bila maji ukiwa umejilaza, kikwame kooni na kukuunguza, kisha ushinde ufukweni Pangani bila kofia, maana dawa hii huifanya ngozi iungue upesi kwa jua. Mkeo ana mimba? Nyamaza. Mfamasia akijua hatakupa doksisaiklini, na huenda hata akashauri safari iahirishwe, na tiketi hairudishwi.

Atovakwoni na proguanili, ambayo wengi wanaijua kama Malarone, ina bei juu kidogo, ila kwa safari hiyohiyo ni vidonge 30, kwa kuwa unaacha siku 7 baada ya kurudi. Yenyewe huwawahi vimelea wakiwa bado kwenye ini. Doksisaiklini huwangoja zaidi kwenye damu, ndiyo maana ya zile wiki nne. Tangu 2017 mtu mzima anaweza kununua atovakwoni na proguanili Uingereza bila cheti cha daktari, mradi ajibu maswali ya mfamasia. Humezwa na chakula au maziwa. Wewe imeze na chai ya rangi.

Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, kwa hiyo itampendeza mvivu. Huanzwa wiki mbili au tatu kabla ya safari. Ikumbuke ukiwa kwenye foleni Heathrow. Na kama uliwahi kutibiwa sonona, ficha: dawa hii inaweza kuleta majinamizi na kuvuruga akili, na tangu 2013 Marekani imeipa onyo lake kali kuliko yote.

Njia ya mkato ni kusema utanunua hukohuko. Ukifika, duka la dawa litakuwa na mseto, ambayo ni tiba ya aliyepima akakutwa na vimelea, si kinga. Basi pekua droo ya shangazi. Huenda klorokwini ipo, ile ya muwasho, ambayo Tanzania iliacha kuitumia kama tiba ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu vimelea walishaizoea. Pale nje kuna mwarobaini. Tayari una famasia.

Watoto waliozaliwa Reading hawana kinga hata chembe, na vidonge vyao hupimwa kwa kilo zao. Wewe waambie damu ya baba inatosha. Usiku, bibi yao anaingia kwenye chandarua chenye dawa, yeye aliyezeeka Muheza. Chenu kifungeni fundo juu kwa sababu ya joto.

Kama kwa bahati mbaya ulikuwa unameza, acha vyote ndege ikigusa lami Heathrow, Uingereza haina malaria. Januari homa ikipanda, iite mafua. Kunywa parasetamoli, jifunike blanketi, ngoja siku nne, ingawa malaria ya falsiparamu inaweza kuua mtu katika siku hizo, na homa yoyote ndani ya mwaka mmoja baada ya safari hupimwa siku hiyohiyo. Wakikufikisha hospitali, daktari atakuuliza kama umesafiri hivi karibuni. Mjibu kwa uaminifu kabisa kwamba hujasafiri popote, ulikwenda nyumbani tu.