Waraka kwa Wauza Chupa za Presha

Kwenu waheshimiwa washauri wa afya,
Mnaopanda mabasi ya Musoma na Bunda, nanyi mnaotandaza meza siku za gulio huko Butiama.

Nawashukuruni. Bila nyinyi, abiria wengi wa njia hii wasingewahi kusikia habari za radikali huru, zile molekuli korofi mwilini. Mnazieleza mmesimama katikati ya viti, gari likiyumba, bila kumwaga tone. Wapo walimu wa sayansi wenye madarasa yaliyotulia ambao wangefaidika kwa kuwatazama.

Isitoshe, nusu ya kwanza ya somo lenu ni kweli tupu. Ukuta wa ndani wa mshipa wa damu hutengeneza gesi ya nitriki oksaidi, inayoufanya mshipa ulegee na kupanuka. Furchgott, Ignarro na Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa ugunduzi kuhusu kazi ya gesi hiyo. Supaoksaidi, ambayo ni mojawapo ya radikali zenu, ikizidi huivamia gesi hiyo na kuiharibu. Mshipa hubana, presha ikapanda. Presha nayo ikikaa juu huuumiza ukuta uleule, nao ukazidi kutoa radikali. Hapo sina ubishi.

Ubishi unaanza chupa inapotoka mkobani. Mnasema: kwa kuwa radikali hupandisha presha, kinywaji cha kuziua kitaishusha. Hoja inavutia, hata wanasayansi wakubwa waliipenda. Kasoro yao ni kwamba waliijaribu. Kule Uingereza, watu zaidi ya 20,000 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo waligawanywa makundi mawili: hawa wakapewa kila siku viua radikali, yaani vitamini E, vitamini C na beta-karotini, wale wakapewa vidonge visivyo na dawa. Matokeo ya miaka 5 yalitangazwa mwaka 2002. Vitamini ziliongezeka kweli kwenye damu, lakini madhara yanayofanya presha iogopwe, yaani mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo, hayakupungua.

Sababu mojawapo ni mwendo. Supaoksaidi huikamata nitriki oksaidi kwa kasi kubwa mno. Vitamini iliyomezwa ni askari anayefika Makutano wakati mwizi ameshavuka mpaka wa Sirari. Afadhali kumzuia mwizi huko anakotoka. Katika kuta za mishipa kuna kimeng'enya kinachozalisha supaoksaidi, na homoni ya angiotensini ni mojawapo ya vitu vinavyokichochea. Losartan, kidonge cha kawaida kabisa cha kliniki ya presha, huizuia homoni hiyo isifanye kazi yake. Kwa hiyo kidonge mnachokisema vibaya kinafika karibu zaidi na chanzo cha radikali kuliko chupa mnayoisifu. Kosa lake labda ni kwamba hakina kamisheni.

Chupa yenyewe ningeisamehe. Juisi si dhambi, na kila mtu ana watoto wa kusomesha. Kinachoniuma ni ile sentensi ya mwisho, mnayoisema kwa sauti ya chini: "Dawa za hospitali zinachosha figo, ziache kwanza." Ndugu zangu, presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu figo, na ndiyo inayoleta kiharusi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta mtu mzima mmoja katika kila wanne hivi ana presha ya juu. Basi lenye abiria hamsini lina wangapi, na wangapi wamewasikiliza? Mwaka 2011 nchi nzima ilikimbilia kikombe cha dawa cha mzee aliyeitwa Babu kule Samunge, Loliondo, na wapo walioacha dawa zao. Kile kikombe kilikuwa shilingi 500. Kwa upande wa bei, nawapongeza, mmepiga hatua.

Mkitaka kweli kutusaidia, ziko habari za kutangaza bure. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku. Mwambieni hivyo mama anayepika kayabo, samaki wa chumvi, bila kuiloweka. Mchicha, matembele na mapapai vina vitamini mnazozifungia kwenye chupa, na mlo wenye mboga na matunda kwa wingi umeonekana kushusha presha. Mwambieni mvutaji kwamba kila sigara ni mzigo mpya wa radikali.

Mwisho, nina ombi dogo. Mkimwambia abiria aache vidonge, mwandikieni kwenye risiti: jina lenu kamili, namba ya simu, tarehe, na maneno yaleyale, "acha dawa za hospitali." Kisha mtie saini. Akipona, atakuwa na ushahidi wa kuwasifia kwa jirani zake. Akianguka, ndugu zake watajua pa kuwapata.

Wasalaam,
Abiria wenu wa siti ya nyuma, mwenye kadi ya kliniki ya presha,
Musoma