Prosesa Haina Kosa

Kompyuta ya mezani ikiwa nzito katika steshenari ya Mabibo, Dar es Salaam, kesi haichukui muda. Mwanafunzi wa chuo cha NIT kasimama na fleshi mkononi, ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo inatakiwa saa nne, Word haifunguki, na wote waliopo, muuza vocha akiwemo, wameshakubaliana kwamba prosesa imechoka. Katika mtaa wenye mahali panapoitwa Mahakama ya Ndizi, ungetarajia mshtakiwa angalau asikilizwe. Hoja yangu ni kwamba prosesa nyingi hufukuzwa kazi kwa uvivu wa diski, na mwenye duka hulipia hukumu hiyo mara mbili.

Ushahidi uko ndani ya mashine yenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, usome asilimia. Chukua Dell OptiPlex ya mtumba yenye Core i3-2100 ya mwaka 2011, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Mara nyingi utakuta diski imegota asilimia 100 huku prosesa haijafika hata 20. Imekaa tu inasubiri kuletewa kazi. Diski hiyo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa chake hutangatanga kukusanya vipande vya faili, ilhali SSD haina kinachotangatanga. Ukifunga prosesa kali zaidi hapo, umepata msubiriji mwenye vyeo. Hela ya kwanza iende kwenye SSD, ya pili kwenye RAM, na kabla ya zote mbili futa vumbi kwenye feni, maana prosesa ikipata joto kali hupunguza mwendo yenyewe ili isiungue.

Mtu atasema si kila kazi ni ya diski, na hapo kasema kweli. Anayehariri video za harusi ataona prosesa yenyewe imegonga 100, na huyo abadilishe bila kusitasita. Ila achague kwa soketi, si kwa jina. Soketi ya i3-2100 ni LGA 1155, na i5-2400 ya mwaka huohuo inakaa hapohapo ikiwa na kori nne badala ya mbili. Hata i5-3470 ya 2012 ni ya soketi hiyo, ingawa baadhi ya mazabodi za 2011 huikataa, hivyo uliza kabla ya kulipa. Lakini i5-4570 ya 2013 inataka LGA 1150. Muuzaji atakwambia tofauti ni vijino vitano tu, itaingia. Haitakaa; ukiilazimisha itapindisha vijino vya mazabodi, na sasa unatafuta vitu viwili. Usiogope kwamba prosesa ni ya mtumba: haina kinachozunguka wala kusagika, na kwa kawaida feni na pawa saplai hutangulia kufa.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kwa nini kuhangaika na mzee huyu wakati Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel rasmi huanzia kizazi cha nane? Ni kweli, hakuna prosesa ya LGA 1155 itakayokuvusha hapo, hata ukinunua i7-3770. Lakini pingamizi hili linanipa nguvu. Kama mashine ina siku chache, fedha iende kwenye kitu kinachoweza kuhama. SSD utaichomoa na kuifunga kwenye kompyuta itakayofuata. Prosesa ya 1155 itabaki na mazabodi yake mpaka kwa wanunuzi wa chuma chakavu, nao hupima kwa kilo, hawaulizi ni i3 au i7.