Tabia Tisa za Kukitoa Kitambi Bila Kugombana na Chapati

Kila Januari Dar es Salaam hujaa watu wenye viatu vipya vya mazoezi. Alfajiri pale Coco Beach hapana pa kupita. Ikifika Machi, viatu vilevile vinaonekana gengeni vikinunua nyanya na vitunguu.

Halafu wapo wapenda njia ya mkato: majani ya chai ya kusafisha tumbo (yanasafisha kweli, ila usipande daladala siku hiyo), mkanda wa kubana kiuno, supu ya kabichi wiki nzima. Kinachotoka hapo zaidi ni maji, na maji hurudi.

Hata ukipungua kweli kwa kasi ya kutisha, kazi haijaisha. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani walichapisha walichokiona kwa washiriki 14 wa The Biggest Loser, kipindi cha televisheni cha kushindana kupungua. Miaka sita baada ya mashindano, wengi wao walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya kilo zao, na miili yao ilikuwa inaunguza takriban kalori 500 kwa siku pungufu ya ilivyotarajiwa. Mwili ulishaonja njaa, ukabana matumizi, na haukusahau.

Kwa hiyo tuhesabu vitu vidogo, kuanzia namba tisa kushuka hadi ile inayolipa zaidi kwa jasho kidogo. Chukua mbili au tatu. Ukizibeba zote kwa mkupuo, tutakutana gengeni na viatu vyako.

9. Panda mizani mara moja kwa wiki

Siku ileile, asubuhi, kabla ya chai. Isiwe siku inayofuata harusi, kwani huko ni kujitafutia presha. Kama nyumbani hakuna mizani, yupo kijana wa mizani pale stendi. Mpe sarafu zake, lakini kwanza tua mkoba, toa simu zote mbili na vua hizo buti. Ile mashine inayotangaza kilo zako kwa sauti mbele ya abiria wa Mbagala iache, inavunja ndoa.

Na usijipangie kurudia gauni la sendofu. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokaribia kupata kisukari walipewa shabaha mbili: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi, hasa ya kutembea, dakika 150 kwa wiki. Visa vya kisukari katika kundi lao vilikuwa pungufu kwa asilimia 58 kuliko katika kundi la kulinganishia. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo. Hakuna hata atakayekusifia kwa kilo sita, ila kongosho lako litashukuru.

8. Ficha karanga

Kilichoko mezani kitaliwa. Kashata, karanga na zile biskuti za wageni ziwekwe kabati la juu, linalotaka stuli. Wageni wenyewe hawajawahi kuziona hizo biskuti.

7. Mboga ichukue nusu ya sahani

Mchicha, matembele, kisamvu, chochote cha kijani: nusu sahani, na uanze nacho. Maharage au dagaa robo, ugali robo. Ugali wa ukubwa wa ngumi yako, narudia, yako, usiazime ngumi ya bondia. Ugali hauna kosa lolote mahakamani. Tatizo ni kwamba huwa tunaupakua kana kwamba kesho kuna mgomo wa mashine za kusaga.

6. Mafuta yapimwe kwa kijiko

Hapa ndipo wapishi wetu wananichukia. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati wanga na protini zina 4 kila moja. Kijiko kimoja cha chakula ni kalori 120 hivi. Sasa mtazame mpishi: kidumu kimeinamishwa juu ya sufuria, anapiga stori na jirani dirishani, na mkono unasimama pale roho inaporidhika. Kwetu mchuzi usioelea mafuta mgeni anauhesabu kuwa dharau.

Huna haja ya kula vya kuchemsha kama mgonjwa wa wodini. Weka kijiko kando ya kidumu, na sheria iwe kwamba mafuta hayaingii sufuriani bila kupita kwenye kijiko. Vitatu kwa mchuzi wa watu wanne vinatosha, na kitunguu kitaiva vilevile, kitachelewa tu dakika mbili.

Chapati ni kesi ya peke yake. Inakandwa kwa mafuta, inakunjwa kwa mafuta, inakaangwa kwa mafuta, kisha inachovywa kwenye chai ya maziwa isilalamike kwamba imetengwa. Simfukuzi mtu na chapati yake. Jumapili ni siku nzuri. Jumapili na Jumatano tunaweza kuzungumza. Kila asubuhi, hiyo ni ndoa. Na chipsi mayai, viazi vinavyozamishwa kwenye mafuta halafu vinarudishwa kikaangoni kwenye mafuta mengine pamoja na mayai, sijapata siku ya kuipangia.

5. Lala

Ndiyo tabia pekee kwenye orodha hii inayofanywa macho yakiwa yamefumbwa. Mwaka 2022 watafiti wakiongozwa na Esra Tasali wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwachukua watu 80 wenye uzito uliozidi, waliozoea kulala chini ya saa sita na nusu, na kundi moja kati yao wakalisaidia kuongeza usingizi. Walioongeza kama saa moja na kidogo walijikuta wanakula kalori 270 hivi pungufu kwa siku kuliko wenzao, na hakuna aliyewakataza chakula. Anayekesha na simu hadi saa saba usiku anajua harufu ya chipsi inavyopanda ghorofani.

4. Shuka kituo kimoja kabla

Unashukia Kimara? Shuka kituo cha nyuma yake, malizia kwa miguu. Bodaboda atakuita “bosi” mpaka uone aibu. Vumilia, ni vyeo vya mita mia nne tu.

Na hizo hatua 10,000 zinazowanyima watu usingizi, zilianzia dukani. Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki ya Tokyo, kampuni ya Kijapani ya Yamasa ilitoa kifaa cha kuhesabia hatua kikiitwa Manpo-kei, yaani kipima hatua 10,000, na namba ikabaki vichwani mwa watu. I-Min Lee wa Harvard na wenzake walipowafuatilia wanawake wazee, matokeo yao ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliofikisha hatua 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na faida iliacha kuongezeka karibu na hatua 7,500. Kwa hiyo ukifikisha elfu sita usilie.

Niseme ukweli, kutembea peke yake hakupunguzi kilo nyingi. Andazi moja linafuta nusu saa ya miguu bila huruma. Kazi yake kubwa ni kuzizuia kilo zisirudi. Nchini Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 la watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Wengi wao wanafanya mazoezi kama saa moja kwa siku, na zoezi linalotajwa zaidi ni hilo la kutembea. Wengi pia wanapanda mizani kila wiki, rudi namba tisa.

3. Jipange na shughuli, maana haziishi

Ijumaa kicheni pati, Jumamosi harusi, Jumapili ubarikio wa mtoto wa jirani. Anayesubiri wiki isiyo na shughuli ndipo aanze, atazikwa na kitambi chake. Kula kitu kidogo nyumbani kabla ya kutoka. Ukienda na njaa ukumbini, utataka kuurudisha mchango wako wote wa laki moja kwa njia ya pilau, na kamati haina ubavu wa kukuzuia. Sahani moja, ukae meza iliyo mbali na chakula.

Ukiteleza, umeteleza. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya. Ilichukua wastani wa siku 66 tabia kuwa ya kujiendea yenyewe, wengine siku 18, wengine ilikadiriwa ingefika 254, na kukosa siku moja hakukuvuruga safari. Zile siku 21 maarufu zinatokana na kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyeona wagonjwa wake wakichukua kama siku 21 kuizoea pua mpya. Kitambi si pua.

Pilau ya Jumamosi, basi, haijaharibu kitu. Kinachoharibu ni ile kauli ya Jumapili: “Nimeshachafua, acha nile, nitaanza Jumatatu.” Jumatatu gani, ndugu yangu? Mlo unaofuata ndio Jumatatu yako.

2. Andaa jibu la shangazi

Ushauri huu hauko kwenye vitabu vya wazungu, kwa sababu wao wakipungua wanapigiwa makofi. Wewe ukipungua kilo tano, mtaa unaitisha kikao. Mume akikonda, mkewe hajui kupika. Mke akikonda, kuna mawazo. Asiye na mume wala mke akikonda, watu wanaangaliana tu.

“Shikamoo shangazi.”
“Marahaba mwanangu. Mbona umekwisha hivyo? Huko hamli?”
“Tunakula shangazi. Presha ilikuwa juu, sasa imeshuka, na daktari amefurahi.”

Presha haina mpinzani. Atakuuliza yake utampimia wapi, na mazungumzo yamehama. Akisogeza bakuli na “ongeza kidogo jamani, mbona hujala,” sifia kwanza mchuzi, kisha omba ufungiwe. Mwenyeji anapata heshima yake, na kifurushi kinapata watoto njiani.

Ila kama unapungua bila kufanya lolote kati ya haya, au una kiu isiyoisha, au kikohozi kisichokwisha, shangazi yuko sahihi. Nenda ukapime.

1. Sukari ya chai

Imeshinda kwa sababu tunaitia mara tatu kwa siku bila kufikiri. Kijiko cha chai kilichosawazishwa ni gramu 4 za sukari, na chako hakijasawazishwa tangu uzaliwe. Tukufanyie hisani tukihesabu sawa: vijiko vitatu, vikombe vitatu, gramu 36, kalori 144. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari ya kuongezwa, pamoja na ya asali na juisi, isifike asilimia 10 ya kalori za siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25. Umeshapita, na soda ya mchana bado haijafunguliwa.

Kalori 144 kwa mwaka ni 52,560. Kilo ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700, kwa hiyo kwenye karatasi umekalia karibu kilo saba za chai. Mwili halisi hautatoa zote, maana unavyopungua nao unabana matumizi. Hata nusu yake nani ataikataa?

Usiache ghafla, utagombana na kila mtu ofisini kabla ya saa nne. Punguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Kutoka vitatu hadi kimoja ni wiki nane, na ulimi hautajua umeibiwa. Ukifika huko, onja chai yako ya zamani, utaitema mwenyewe. Tangawizi na iliki weka utakavyo.

Anza kesho asubuhi, vijiko viwili na nusu. Usimwambie mtu.